Kikohozi Katika Filamu ya Daraja la Tisa

Kilitangulia kikohozi.

Kilikuja gizani, kabla ya theluji, kabla ya mlima, kabla hata ya jina la filamu. Kikohozi cha mwanamke, kikavu, mara mbili, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo alilokwisha kulisema mara nyingi. Nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka namba sita wa Ukumbi wa Kufuma, kitambaa kimenifunika macho, na vinyweleo vya shingo vikanisimama. Filamu ya *Mlinzi wa Daraja la Tisa* haina mwanamke hata mmoja.

Kisha theluji ikaanza. Ilishuka polepole, mapande makubwa makubwa, kama pamba inayochambuliwa na mtu asiye na haraka. Nilinyoosha mkono ndani ya ndoto nikaidaka. Ilikuwa na joto kidogo, na ilinuka moshi wa jenereta. Mbele yangu daraja la kamba lilining'inia kati ya milima miwili. Upande wa huku alisimama Tarem, mlinzi wa daraja, na shoka mkononi. Katikati ya daraja alikuwa mdogo wake, Ilko, amejitwika mzigo, anakuja. Nyuma ya Ilko walikuja askari. Tarem aliita jina la mdogo wake mara tatu. Kisha akaikata kamba.

Ilko akaanguka, na hapo kila kitu kikazimika.

Giza lile halikuwa ukungu. Ukungu naujua, nimepigana nao miaka minne. Giza hili lilikuwa limefumwa vizuri, uzi kwa uzi, na ndani yake nilisikia maji, nikasikia mtu anazama na kuibuka, anahema, anashika mzizi. Picha iliporudi Ilko alikuwa ukingoni, amelowa chapachapa, anapanda kilima. Akapita chini ya migomba. Akafika kwenye mlango wenye mwanga, akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Mama, nimerudi. Chai ipo?"

Nikakivua kitambaa. Nchi ya theluji haina migomba. Hata mimi, ambaye sijawahi kuvuka mpaka wa Kasumulu, najua hilo.

*

Subilaga alikuwa kwenye chumba cha makala, peke yake, anachora ua pembezoni mwa karatasi zilizojaa wino wangu mwekundu. Ni msichana mrefu wa miaka ishirini na mmoja, na hakuna siku aliyokosa neno la kunijibu.

"Mwalimu Gwakisa, umeiona?" Uso ulimng'aa. "Haina ukungu. Hata tone!"

"Haina," nikasema.

Ilikuwa kweli, na hiyo kweli ndiyo iliyonitisha.

Picha zilikuwa nzito, maneno yalikuwa mepesi. Umeme wa dunia ulipopungua, enzi za ujana wa baba yangu, maghala ya picha yalizimwa moja baada ya jingine, na filamu za miaka mia na zaidi zikaenda na joto la mashine zake. Makala za ensaiklopidia zilibaki, kwa sababu hazikula kitu. Ndipo akatengenezwa Mfumaji. Humpi picha, unampa makala. Anaisoma sentensi kwa sentensi, na kutoka kwenye muhtasari wa hadithi anaifuma filamu upya, hadi mtu aliyelala mkekani aione kama anaiota. Sentensi yenye chanzo inakuwa kitambaa. Isiyo na chanzo inakuwa ukungu: uso unapotea, mlango unafunguka kwenye weupe, muuaji hana mikono. Ikishapigwa muhuri, makala haiguswi kwa miaka thelathini, na kila ukumbi duniani unafuma filamu hiyo hiyo.

Kazi yangu katika chuo chetu cha Tukuyu ilikuwa kusimama kati ya wanafunzi na muhuri. Makala arobaini na moja zilikuwa zimepita mikononi mwangu bila kiraka kimoja cha ukungu. Hakuna msahihishaji mwingine nchini aliyeweza kusema hivyo, na mimi nilikuwa nikisema.

Na sikuwa mpole. Rasimu ya kwanza ya Subilaga ilianza hivi: "Hii ni filamu nzuri sana ambayo kila mtu anapaswa kuiangalia." Niliandika pembeni: *Nani kasema? Makala siyo barua ya mapenzi.* Ya pili iliorodhesha waigizaji wote hadi mbeba taa, na mwaka wa filamu haukuwamo. Niliandika: *Mgeni yuko mlangoni, unamweleza rangi ya mapazia, hujamwambia hii ni nyumba ya nani.* Ya tatu niliipiga neno moja kila mstari: *Chanzo? Chanzo? Chanzo?* Ndiyo maana wanafunzi waliniita hivyo. Nikipita kwenye korido nilisikia, "Chanzo huyo anakuja," nami nilitembea taratibu ili nilisikie vizuri.

"Nani anakohoa?" nikamuuliza.

"Wapi, Mwalimu?"

"Mwanzoni. Sentensi yako ya kwanza: 'Filamu inaanza gizani kwa kikohozi, na harufu ya moshi.' Anakohoa nani?"

Akafikiri. "Nilidhani ni Tarem. Ila ndivyo inavyoanza."

"Uliiona?"

"Hakuna aliye hai aliyeiona, Mwalimu, labda wazee. Si ndiyo maana tunaiandika?"

"Sasa umejuaje?"

"Chanzo namba nne," akasema, kwa fahari, kama mtu anayetoa tiketi yake kabla hajaombwa.

Namba nne ilikuwa kwenye sentensi thelathini na moja. Nilizihesabu mwenyewe, nikaridhika, nikaweka alama ya vema. Sasa nikaufungua ukurasa wa mwisho. *T. Mwaisumo, Mlinzi wa Daraja la Tisa, daftari, uk. 1–12.*

"Huyu T. Mwaisumo ni mwandishi wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Ni bibi yangu."

Nikakaa chini.

"Alikuwa ananisimulia nilipokuwa mdogo, kila nikiumwa," Subilaga akaeleza, akidhani namtaka aendelee. "Lazima akohoe mara mbili kwanza, halafu, 'Theluji inashuka, jamani, na moshi huu utatuua...' Daftari niliandika mwenyewe, yeye akisema. Wewe si ulitaka kila sentensi iwe na chanzo? Nikaweka."

"Subilaga! Umetufumia kikohozi cha bibi yako!"

Akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Halafu kicheko chake kikakatika katikati.

"Kumbe kile siyo cha filamu?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokulia ilikuwa ya kupanga.

Nilimwekea mbele vyanzo namba moja, mbili na tatu. Vilikuwa makala za magazeti ya nchi ilikotengenezwa filamu ile, zilizotafsiriwa zamani na watu makini. Vyote vitatu vilisema neno moja: Ilko anakufa. Theluji inafunika kamba. Mwisho.

"Hivi ulivisoma?"

"Nilivisoma."

"Ukaviacha?"

"Nilidhani wamekosea. Watu watatu wanaweza kukosea, Mwalimu. Bibi aliiona mara kumi na saba."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Makala ilitakiwa kufungwa Ijumaa, la sivyo Subilaga angerudia mwaka mzima. Na Jumamosi mchana Ukumbi wa Kufuma ungefunguliwa kwa watu wa mji. Wazee kumi na mmoja walikuwa wamejiandikisha kuja kuiona tena filamu ya ujana wao.

*

Asubuhi yake tulipanda mtaa wa juu. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umelala barabarani, ule wa kweli, na tuliwasikia watu wakisalimiana kabla ya kuwaona. Bibi Tumpale alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anamenya viazi bila kuvitazama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akanipima kuanzia viatu. "Ndiye huyu Chanzo?"

Subilaga aliinama ghafla kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Ndiye, Bibi," nikasema.

"Mbona mwembamba hivyo? Nilidhani Chanzo ni mtu mwenye tumbo. Kaa hapo, usimame jua lisipite?"

Jua halikuwepo. Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nilikuwa nimeipanga njiani maneno yote, lakini alianza yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akasema, na alikuwa mtafsiri katika banda la video. Mabati manne, mabenchi, televisheni moja, na jenereta nyuma ya ukuta ambayo moshi wake uliingia ndani kama mteja mwingine. Filamu zilikuja na lugha zake, naye alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote.

"Wanaume, wanawake, mbwa, treni. Treni nilikuwa naiweza mno. Wanawake kwenye kazi ile tulikuwa wangapi? Mimi. Walikuja kunicheka, wakabaki kunisikiliza."

"Ulizijua lugha zao?"

"Nizijulie wapi? Hiyo ya daraja mpaka leo sijui ilikuwa ya watu gani. Mtu akifungua mdomo, namwangalia macho. Nikiona macho yameomba, naweka ombi. Yametukana, natukana. Siku nyingine matusi yalikuwa ya kwangu tu, nilikuwa nimeamka vibaya."

"Na mwisho, Bibi?" nikauliza. "Mwisho uliutoa wapi?"

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Wiki ile," akasema, "gari la wachuma chai lilifika darajani, daraja likaachia. Watu tisa. Wanane walipatikana. Ambwene hakupatikana. Jumapili mwenye banda ananiambia, leo tunaweka ile mpya, ya daraja. Nikamwambia una wazimu wewe. Akasema watu wameshakaa. Nikachungulia. Wametoka msibani, nguo za msibani, wamekuja kukaa mahali ambapo hakuna anayelia. Na mstari wa mbele kabisa, Asajile, mdogo wake Ambwene, na miguu yake mirefu."

 Subilaga aliijua hadithi yote, ila hii.

"Mimi asubuhi nilikuwa nimeshaitazama peke yangu, nijiandae. Nilijua yule kijana anakufa. Nikamwendea mtu wa jenereta: nikipiga ukuta kwa kisigino, zima. Tukafika pale kwenye kamba, nikapiga. Akazima. Watu wakapiga kelele! Nikawaambia, tulieni, mashine imekorofisha, lakini mimi hii naijua, msitoke. Nikawamalizia gizani."

"Ilko akaogelea," Subilaga akasema polepole.

"Akaogelea. Akapanda kilima, akapita migombani, akaomba chai. Ambwene alikuwa mtu wa chai kupita kiasi, mji mzima ulijua. Banda lote lililia na kucheka pamoja, sijawahi kusikia sauti kama ile tena. Wakataka irudiwe kesho. Na kesho kutwa. Mara kumi na saba, na mara zote jenereta ilikorofisha pale pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini."

"Kwa hiyo uliwadanganya," nikasema. Mdomo wangu una kasi kuliko mimi.

"Niliwadanganya." Hakupepesa. "Ungekuwa wewe? Ungewasomea vyanzo?"

 Bibi Tumpale akakitupa kiazi kwenye sufuria ya maji.

"Wao walimwona akivuka," akasema. "Mimi kila giza likiingia nilimwona akianguka. Banda limejaa, na mimi niko peke yangu mle ndani. Asajile amenunua shati kwa ajili ya Jumamosi, amekuja kunionyesha. Muhuri unao wewe, kijana. Piga unavyotaka. Lakini usinitume mimi nikamwambie."

*

Ijumaa tulikaa na Subilaga mbele ya makala, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne kalamu yangu nyekundu ilikuwa mfukoni.

"Iache ilivyo, Mwalimu," akasema. "Mfumaji hakulalamika. Ukungu haupo. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Utajua, halafu? Nani ataumia? Walioitengeneza wamekufa. Nchi yenyewe imebadili jina mara mbili. Lakini Mzee Asajile yuko hai, na ana shati jipya."

"Wamekufa, ndiyo sababu!" Nilisimama, kiti kikaanguka. "Aliye hai anaweza kukujibu, Subilaga. Aliyekufa ana nini? Ana makala. Hana mdomo mwingine. Mahali fulani mtu alilala kwenye theluji halisi, akapigwa na baridi halisi, ili Ilko afe vizuri. Mwingine alikaa miezi akifikiri namna kamba itakavyofunikwa. Leo dunia nzima haina filamu yao ila hii karatasi yetu. Tuwaambie nini? Tuwaambie tulipenda ya kwetu zaidi, tukawafuta?"

"Na bibi yangu ana mdomo gani?" akasema, naye amesimama. "Akifa Jumatatu, nani atajua kwamba kulikuwa na mwanamke aliyewasemea mbwa na treni? Sema. Chanzo!"

Aliniita jina hilo usoni, na halikunipendeza.

Nilikwenda dirishani. Ningeweza kupiga muhuri. Sifa yangu ingebaki safi: arobaini na mbili bila ukungu. Na ningekuwa nimefanya hivyo kwa huruma, hata dhamiri ingenipigia makofi. Lakini niliendelea kumwona yule mtu asiyejulikana na yeyote, amelala kwenye theluji, anangoja mwongozaji aseme basi. Na nikaona jambo lingine, baya zaidi kwa mtu mwenye kiburi kama mimi. Kosa halikuwa la Subilaga. Mara thelathini na moja nilisoma namba nne nikaona namba, sikuona mtu. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kuweka chanzo kama watu wanavyoweka kitasa, bila kuuliza ndani kuna nani.

"Njoo," nikamwambia. "Nitakupa maoni yangu. Mara hii sitayaandika, nitayasema."

Akaja, shingo upande.

"Hadithi ya filamu ni mali ya filamu. Sentensi thelathini na moja tunazitoa kwenye muhtasari, moja moja, na mahali pake tunaweka walichoona wale waandishi watatu. Lakini hazifi. Makala ya filamu ina sehemu inayoitwa Mapokezi. Wewe uliandika humo nini?"

"'Filamu ilipokelewa vizuri.'"

"Na nani?"

"...Ulinipiga neno hilo hilo kwenye rasimu ya kwanza."

"Basi lijibu. Ilipokelewa na watu waliotoka msibani, kwenye banda la mabati, Tukuyu, na mtafsiri aitwaye Tumpale Mwaisumo, ambaye aliwanyima mwisho na kuwapa mwingine. Daftari lako jarida la chuo litalichapa. Nimemwona mhariri leo asubuhi, tumegombana saa nzima, amekubali. Litakuwa chanzo ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua."

"Mapokezi hayafumwi, Mwalimu."

"Hayafumwi. Yanasomwa. Mtu atakayeamka kwenye mkeka akitaka kujua nani mwingine aliwahi kuiota ndoto hii, atakuta jina la bibi yako."

 Kisha akavuta kiti changu kutoka sakafuni, akakaa, akaanza kufuta. Tulifanya kazi hadi saa kumi. Alipofika kwenye kikohozi aliniomba nifute mimi.

Baadaye nilijaza fomu. Makala iliyokwisha kupita ukaguzi haibadilishwi mpaka msahihishaji aandike sababu, na sababu zilizochapwa pale zilikuwa tatu. Niliweka alama kwenye ya kwanza: *Kosa la msahihishaji.* Jina langu likatokea chini yake, dogo, na wanafunzi wote wangeliona Jumatatu.

Nikalala kwenye mkeka namba sita. Giza. Nilikisubiri kikohozi, najua sikupaswa, na hakikuja. Kulikuwa na kimya tu, kipana, kimya cha nchi ambayo haijui kwamba mtu anaisikiliza. Theluji ikaanguka, na safari hii ilikuwa baridi, haikunuka chochote. Tarem aliita mara tatu kwa lugha yake. Akakata. Ilko alikwenda chini kimyakimya, mzigo ukamtangulia, na weupe ukampokea, na juu ya ukingo kamba ilibaki inacheza, inacheza, mpaka theluji ikailaza. Ilikuwa filamu kubwa. Bila migomba, bila chai, ilikuwa filamu kubwa, na iliniumiza kifuani kama jambo lililonitokea mimi.

Nikaamka, nikapiga muhuri.

*

Jioni hiyo hiyo Mzee Asajile alitukaribisha kwake akiwa na pasi ya mkaa mkononi. Shati lilikuwa limetandazwa mezani, la bluu, na miguu yake kweli ilikuwa mirefu. Ilijaza nusu ya chumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, karibuni. Wewe si mjukuu wa Tumpale? Msije mkaniambia imeahirishwa."

"Haijaahirishwa, Babu," Subilaga akasema. "Mwalimu ana neno."

Nilimwambia. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu magazeti matatu, kisigino cha Bibi Tumpale ukutani, na mtu wa jenereta. Nilimwambia kwamba kesho, baada ya kamba kukatwa, Ilko hatatoka majini. Alikuwa ameelekeza sikio la kulia kwangu, na pasi akaiweka chini taratibu.

"Sasa ile sehemu ya chai..."

"Ilikuwa ya Bibi Tumpale."

"Na migomba?"

"Yake pia, Mzee."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekagua vitu vya kurudishwa kwa wenyewe. Nje kuku walikuwa wakigombana. Nilijiandaa kwa hasira, nilijiandaa kwa machozi, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitaomba msamaha kwa ajili ya ukweli.

"Kwa hiyo aliyevuka ni Ambwene," akasema.

Sikuelewa.

"Kama yule wa kizungu alikufa, basi aliyetoka majini ni nani? Aliyeomba chai?" Alinitazama kana kwamba mwanafunzi ni mimi. "Miaka sitini naota mtu anapanda kilima amelowa. Nikiamka naona aibu. Najiambia, Asajile, kaka yako amepotea mtoni, wewe unaota watu wa sinema. Sikuwahi kumwambia hata mke wangu. Kumbe nilikuwa namwota kaka yangu. Tumpale alikuwa amemweka mle makusudi." Akacheka, kicheko kidogo kilichomshangaza mwenyewe. "Kesho nitakuja. Nimwone na yule mwingine akifa kwa haki yake. Naye alikuwa na ndugu."

Subilaga aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Hiyo makala yenu," mzee akaniuliza. "Ambwene yumo?"

"Tumeandika habari za ajali, Mzee. Kwenye Mapokezi."

"Yumo?"

"Tumeandika 'watu tisa'."

"Tisa." Alilirudia neno kana kwamba lina mfupa. "Ambwene Mwakalonge. Alikuwa na pengo hapa mbele, na alikuwa haimbi ila akiwa na mvua mgongoni. Mbona hamkumwandika?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni, neno moja, jekundu, nililowapiga nalo watoto wa watu miaka minne. Nikalimeza, likateremka vibaya.

"Hakuna alipoandikwa," nikasema. "Nitatafuta. Makanisa yana vitabu vya mazishi."

"Hakuzikwa, kijana. Utamzikaje mtu ambaye hayupo?"

 Kisha mzee akasema, kama anayenisukumia kiti, "Alibatizwa, lakini."

"Wapi?"

"Hilo ndilo sijui. Mama alituzaa tukihamahama. Makanisa ya huku ni mengi."

"Basi nitaanzia la kwanza," nikasema.

"Unasemaje? Sikio hili halina kazi. Sema kwa nguvu."

Nikasimama. Nilisema kwa nguvu, mpaka kuku nje wakanyamaza:

"Nasema nitakwenda kanisa kwa kanisa, kwa miguu yangu, Mzee Asajile, na nitafungua kila kitabu cha ubatizo mpaka nimkute Ambwene Mwakalonge. Nikimpata nitawatafuta na wale wanane. Watakuwa na makala yao wenyewe, siyo ya filamu ya mtu, majina tisa, na mimi nitakuja kukaa hapa ulipo nikusomee, kwa sauti hii hii, kabla masika hayajaanza."